Unene wa Mstari
Hotuba kwa vijana wanaochora kwa kompyuta, Dodoma

Mbukwenyi!

Wazee wetu mliokaa hapa mbele, walimu, wazazi mlioacha shughuli zenu, shikamooni. Wadogo zangu mliokuja na kompyuta mapajani, hamjambo. Nimeombwa niseme juu ya uchoraji wa vekta, yaani kuchora kwa kompyuta kwa mistari inayohifadhiwa kama hesabu. Jambo hilo ni pana na sitaligusa lote. Nitasema juu ya kitu kimoja, unene wa mstari, kwa sababu katika kazi nyingi ninazoletewa nizitazame, rangi ni nzuri, wazo ni zuri, umbo limekaa sawa, lakini mstari umelala. Kutoka utosini mwa mtu hadi kisiginoni, upana ni uleule. Nikimuuliza mwenye kazi kwa nini aliuchagua upana huo, ananijibu kwamba hakuuchagua. Aliukuta.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Ukifungua programu, mara nyingi unakuta mstari umeshawekewa pointi moja. Pointi ni inchi moja iliyogawanywa mara 72, yaani karibu milimita 0.35. Aliyeuweka upana huo hakukujua wewe, wala hakujua kama unamchora bibi wa Chamwino anayepepeta uwele au nembo ya duka la simu. Aliweka namba kwa sababu programu haiwezi kuanza bila namba. Sasa wewe unapoiacha namba ile ikae kwenye mchoro mzima, sehemu kubwa ya kazi yako umemwachia mtu ambaye hayupo.

Kwa nini unene uwe na maana kiasi hicho? Tuanze na mlenda. Kila aliyelelewa huku anajua: ukichovya tonge kwenye mlenda na kuliinua, unavutika uzi. Siku moja utazameni uzi ule kabla hamjaula. Pale unapoachana na bakuli ni mnene. Katikati umekonda, unakaribia kukatika. Unapolishika tonge unanenepa tena. Hakuna aliyeuchora, lakini unakuonyesha uzito uko wapi, mvuto unaelekea wapi, na utakatikia wapi. Nendeni na kwenye mashamba ya zabibu kule Hombolo, muutazame mzabibu: shina kama mkono wa mtu mzima, matawi kama vidole, na vile vikono vinavyojizungusha kwenye waya vimekonda kama uzi wa kushonea. Jicho la mtu limezoea kuusoma ulimwengu namna hiyo tangu utotoni. Ukiliwekea mstari uliolingana mwanzo hadi mwisho, unalinyima habari ambayo linaitafuta.

Mwalimu wangu wa kweli katika jambo hili ni mwamba wa Kolo, wenye michoro ya kale. Nilipofika kule mara ya kwanza nilikuwa tayari nimechora kwa kompyuta kwa miaka kadhaa, na nilidhani najua mstari ni nini. Mnapafahamu, au mnapasikia: unakwenda Kondoa mjini, unapita, unashika njia ya Babati, halafu unapanda ukuta wa bonde kwa miguu. Michoro ile iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na miamba yenye michoro katika eneo hilo inazidi 150. Michoro myekundu ni ya kale zaidi: twiga, tembo, pofu, na watu warefu waliokonda, wenye vichwa vilivyopambwa. Ile myeupe, ya mikono mingine, ilikuja baadaye.

Nilisimama mbele ya watu wale wekundu mpaka kiongozi wetu akachoka kuningoja. Kuna mwili mmoja ambao haukuzungushiwa mstari hata kidogo. Umejengwa kwa mistari myembamba iliyopangwa sambamba, mmoja mmoja, kutoka shingoni kushuka. Na mistari ile hailingani. Mmoja unaanza kwa ncha kali, unajaa unapofika kwenye nyonga, kisha unafifia kwenye goti. Mchoraji yule hakuwa na pointi moja wala pointi mbili. Alikuwa na rangi ya udongo mwekundu, na mkono uliojua kukandamiza na kuachia. Nikatoa daftari nikaanza kunakili kwa kalamu ya wino ya kawaida, yenye upana mmoja. Umbo nililipata vizuri. Nilipolinganisha na mwamba, niliona nimeleta mfupa nikaiacha nyama. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja huku akainakili michoro hii kwa kuifuatisha, na tangu siku ile namheshimu kwa namna ya pekee, kwa sababu nimejua kwamba kufuatisha njia ya mstari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kufuatisha upana wake, nayo ndiyo ngumu.

Niwape mfano ambao mimi mwenyewe huurudia kila mara mkono unapokuwa mzito. Mchukueni mama anayetwanga. Mchi uko juu, mikono imenyooka, kisigino kimoja kimeinuka kidogo. Nguvu yote imekusanyika kiunoni, inangoja kushuka. Mkimchora kwa mstari mmoja uliolingana mnapata mama aliyeshika mti. Sasa wekeni unene kiunoni, upande wa nyuma, pale mgongo unapopinda. Upunguzeni kuelekea mabegani. Kwenye mikono mstari wa juu uwe mwembamba, na chini ya kwapa, nguo ilipojikunja, unenepe. Kisha shukeni hadi kwenye mguu unaobeba mwili. Unyayo unapokandamiza ardhi, wekeni mstari mzito kuliko yote. Mchi wenyewe uacheni mwembamba kwa sasa, maana uko hewani na haujafanya kazi.

Halafu mchoreni tena, nusu sekunde baadaye. Mchi umefika kinuni. Kiuno kimelegea, mstari wake unakonda. Unene umehamia kwenye viganja, kwenye ncha ya chini ya mchi, na kwenye ukingo wa kinu uliopokea pigo. Umbo la mama limebadilika kidogo tu, pengine nodi chache, zile nukta zinazoushika mstari, zimesogea, lakini yule wa kwanza anakusudia kupiga na huyu ameshapiga. Nimemchora mama huyu mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Nikikosea, kosa huwa lilelile: nimenenepesha mahali pasipo na kazi, kwa kupenda tu jinsi mstari mnene unavyopendeza.

Nuru nayo ina usemi wake. Jua la hapa saa saba mchana linashuka wima. Mgongo wa ng'ombe unang'aa, tumbo liko kivulini. Basi mstari wa mgongo uwe mwembamba, hata ukatike kabisa pale mwanga ulipozidi, na wa tumbo unenepe. Jicho litaliunganisha pengo lenyewe, msiogope. Na kitu kilicho karibu kipeni mstari mzito kuliko kilicho mbali. Mkichora mbuyu mbele na kilima cha Mlimwa nyuma kwa upana mmoja, kilima kitaukalia mbuyu mabegani.

Sasa kwa nini kompyuta inatupa mstari uliolala? Sababu ni ya kihistoria, na ukiijua hasira inapungua. Mistari tunayoivuta kwa nodi na vishikio, vile vijiti vya kuupinda mstari, inaitwa mikunjo ya Bézier, kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kiwanda cha magari cha Renault huko Ufaransa, aliyeieneza miaka ya 1960. Kabla yake, mwaka 1959, Paul de Casteljau alikuwa ameshaipata hesabu yake ndani ya kiwanda cha Citroën, ila kampuni ikaifanya siri. Hawa walitaka boneti na milango ya magari ipindike vilevile kila mara, bila fundi kubahatisha. Kwa hiyo mkunjo wenyewe hauna unene wowote. Ni nodi mbili na vishikio viwili: namba nane tu ndani ya kompyuta. Unene ni agizo linalokuja baadaye, kwamba paka rangi nusu upande huu wa njia na nusu upande ule.

Agizo hilo likapewa namba moja. PostScript, lugha ambayo kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1984 ili kompyuta izungumze na printa, iliuliza kila mstari swali moja: upana wako ni upi? Illustrator, programu yao ya kuchora, ilipotoka mwaka 1987 ikafuata mkondo huo. SVG, muundo wa wazi wa faili za vekta uliopitishwa mwaka 2001 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, ukaurithi pia. Hadi leo kanuni za SVG hazina namna ya kuuambia mstari mmoja uanze na upana huu na uishie na upana ule. Mkunjo uliozaliwa kwa ajili ya magari ukakutana na printa iliyotaka namba moja, na matokeo yake ndiyo haya mnayoyakuta mkifungua faili jipya.

Watu wakatafuta njia ya kupita. Kwenye Illustrator, toleo la CS5 la mwaka 2010 ndilo lililoleta kifaa kilichoandikwa Width Tool: unabonyeza Shift na W, unaushika mstari popote, unavuta pembeni, nao unanenepa pale tu. Inkscape, ambayo ni ya bure na naona ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi humu, ina Power Stroke, inayokupa alama ndogo za kuvuta juu ya mstari. Zote mbili zinaacha njia ya asili ikiwa nzima chini, kwa hiyo unaweza kurudi kesho ukabadili mawazo. Lakini mkumbuke nilichosema juu ya SVG. Mnapolitoa faili kwenda mahali pengine, mstari wenye unene unaobadilika hauwezi kusafiri kama mstari. Programu inaugeuza kuwa umbo lililojazwa rangi. Kwa hiyo wekeni nakala mbili: moja ya kufanyia kazi, moja ya kukabidhi. Aliyepoteza ile ya kwanza, mteja akitaka sikio la mbuzi lipungue, atalichora upya.

Na umbo linalotokana na mageuzi hayo huja na nodi nyingi kupita kiasi. Kijana mmoja aliniletea faili, nyusi moja ilikuwa na nodi zaidi ya 80. Nyusi! Ukiigusa inakunjamana kama karatasi. Tulikaa naye tukaichora upya kwa nodi mbili: moja kwenye pembe ya ndani, moja kwenye pembe ya nje, na vishikio vinne vya kupinda upande wa juu na upande wa chini. Unene ulitokea wenyewe katikati, ncha zikawa kali.

Njia hii ya mistari miwili inayokutana naipenda kuliko zote, na ndiyo jibu langu kwa mnaoniambia kwamba unene unaobadilika ni wa wenye tableti za kuchorea za bei kubwa. Kalamu nyingi za tableti hizo zinatangazwa kuwa na ngazi 8,192 za mgandamizo. Ni vifaa vizuri, ninacho kimoja na ninashukuru. Lakini nyusi ile tuliichora kwa mausi yenye waya, mezani kwa mama yake, umeme ukiwa wa mashaka. Unachora ukingo wa nje wa mstari, kisha ukingo wa ndani, unafunga, unajaza rangi nyeusi. Polepole, ndiyo. Ila kila mahali unene unapobadilika umeuamua wewe, na ukiulizwa sababu utaitoa. Mwenye tableti asiyejua anachokitaka anapata mstari unaotetemeka kwa ngazi 8,192.

Niwaeleze na lililonipata mimi, kwa kuwa naliona likiwapata wengine. Nilipewa kazi ya bango la wakulima wa zabibu. Nikachora kwenye ukubwa wa A4, kimo milimita 297: mama na kikapu, majani, vishada, mishipa ya kila jani nikaipanga kwa siku tatu. Bango lilitakiwa liwe na kimo cha mita tatu, yaani zaidi kidogo ya mara kumi. Nikalikuza. Kwenye mipangilio ya programu kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama unene wa mistari ukue pamoja na mchoro. Changu hakikuwa na alama. Mama akakua mara kumi, kikapu kikakua mara kumi, na mistari ikabaki palepale kwenye milimita 0.35, badala ya milimita tatu na nusu. Nilikuja kuliona bango likiwa limeshatundikwa. Ukiwa barabarani huoni uso wa mama. Huoni vidole. Shamba limekuwa madoa ya kijani. Waliokuwa wamenipa kazi hawakusema neno baya, walilipa na kuniaga, lakini hawakunipigia tena, na nilistahili.

Kosa la upande wa pili linauma vilevile. Mchoro huohuo ukipunguzwa mara kumi ili ukae kwenye lebo ya chupa, mistari ikipungua nayo, unapata milimita 0.035. Wenye mashine za kuchapa kwa kawaida wanataka mstari usipungue robo pointi, karibu milimita 0.09, chini ya hapo unakatikakatika au unapotea. Na mstari mweupe ulioachwa wazi katikati ya wino mweusi uongezeni unene zaidi, maana wino unaingia kutoka pande zote mbili na kuumeza. Kwa hiyo kabla hamjaanza, ulizeni kazi itakaa wapi na itatazamwa kutoka hatua ngapi. Mimi sasa huchapisha kipande kimoja tu, uso au kiganja, kwa ukubwa wake halisi, nakibandika ukutani na kurudi nyuma.

Msinielewe kwamba mstari uliolingana ni dhambi. Ramani, alama za barabarani, vijipicha vya kwenye simu, vyote vinauhitaji. Hergé, Mbelgiji, alijenga maisha yake yote ya katuni juu ya mstari usiobadilika upana, na Mholanzi Joost Swarte akaupa mtindo huo jina mwaka 1977, klare lijn, kwa Kifaransa ligne claire, mstari mwangavu. Ukizitazama kazi hizo unaona kwamba mwenyewe alikusudia. Alipoacha unene, aliongeza usafi wa umbo na rangi hadi pengo likajaa.

Na wapo wanaobadili unene kwa namna nyingine kabisa, wasanifu majengo. Mmeziona ofisi za Mji wa Serikali kule Mtumba. Katika ramani ya jengo, ukuta uliokatwa unachorwa kwa mstari mnene, mlango kwa mwembamba zaidi, vigae vya sakafu kwa mwembamba kabisa. Kila mstari umelingana mwanzo hadi mwisho, lakini mstari na mstari mwingine hailingani. Unene wa mistari hiyo una mpangilio wa kimataifa, kwa milimita: 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7, 1.0, na kuendelea. Kila namba inazidi iliyotangulia kwa karibu mara 1.4. Haikutokea kwa bahati. Karatasi ya A4 ukiikuza kuwa A3, kila upande unakua kwa mara hiyohiyo 1.4, kwa hiyo mstari wa 0.35 unatua sawasawa kwenye 0.5, kalamu nyingine ambayo fundi anayo tayari mfukoni. Nilipolijua jambo hili nilifurahi siku nzima. Tangu hapo, hata ninapochora mama na kinu, mistari yangu ya msingi naichukua kwenye ngazi hizo, mitatu tu: mmoja wa ukingo wa nje, mmoja wa viungo na nguo, mmoja wa mikunjo midogo ya ngozi. Nikishaipanga hiyo ndipo naanza kunenepesha na kukondesha ndani ya kila mmoja. Anayeanza kwa kunenepesha hovyo kabla hajapanga ngazi zake, mchoro wake unakuwa kama soko la Majengo asubuhi, kila mtu anapaza sauti.

Muda wangu umekwisha, naona mwenyekiti ananitazama. Waliojiandikisha kwa safari ya Kolo, basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, hapo nje getini. Kompyuta na tableti ziacheni nyumbani. Kila mtu aje na penseli laini moja, kisu cha kuchongea, na karatasi zisizo na mistari. Mkifika kwenye mwamba msiguse rangi, hata kwa ncha ya kidole. Kila mmoja atachagua umbo moja jekundu na kukaa nalo mpaka mchana, na mkirudi kwenye basi nitawauliza swali moja: ni wapi hasa, kwenye mwili ule, mchoraji alikandamiza?